Mwanya kati ya jicho na mkono

Jua la Bagamoyo linatoka baharini, upande wa Unguja, na kama hujawahi kukaa pale ufukweni karibu na soko la samaki saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ukiwa na brashi mkononi, huwezi kujua mchoraji anateseka na nini. Ile rangi ya kwanza, inayokuja kabla jua lenyewe halijachomoza, maji yakiwa kama maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo, haikai. Huku kwetu karibu na ikweta jua halipandi kwa mshazari kama Ulaya, linapanda wima, kila dakika 2 hivi linakuwa limepanda upana wake mzima, kwaiyo ukiiona ile rangi ukakamua tyubu, ukachanganya nyeupe na nyekundu kidogo na manjano kwa mbali, ukajaribu pembeni ukaona bado, ukaongeza, ukija kunyanyua macho imeshaondoka. Bahari imekuwa kitu kingine. Ngalawa zimeshaingia, mnada umeanza, watu wanagombania changu.

Mi kwa miaka nilidhani hili ni suala la kasi tu, kwamba nikiwa mwepesi zaidi nitaikamata. Nikawa nachanganya rangi usiku nyumbani, alfajiri naenda nazo tayari kwenye vikopo. Wapi. Rangi niliyochanganya usiku ilikuwa ya alfajiri ya jana, na alfajiri ya leo haina habari nayo. Hapo ndo nikaanza kuelewa kitu ambacho saivi nakiona ndo kiini cha kazi zetu zote, wachoraji, washairi, wapiga ngoma, wapiga picha, wachongaji: hakuna mtu anayetengeneza anachokiona, anatengeneza alichokiona. Kati ya kuona na kutengeneza kuna muda umepita, iwe nusu sekunde au iwe miaka arobaini, na huo muda haukai bure, unafanya kazi. Unachuja, unaongeza, unafuta watu, unabadilisha rangi.

Nauita mwanya. Hilo neno nimelichagua makusudi, kwasababu kwetu Pwani mtu mwenye mwanya kwenye meno ya mbele hatusemi ana kasoro, tunasema ana uzuri, na bibi yangu aliyekuwa nao alikuwa akicheka hafuniki mdomo hata siku moja.

Sasa tuutazame huu mwanya ukiwa mdogo kwanza. Chukua mtu anayemchora mwenzie aliyekaa mbele yake. Hawezi kuangalia uso na karatasi kwa wakati mmoja, si ndio? Anaangalia uso, anashusha macho, anaweka mstari. Hapo katikati imepita sekunde moja, mbili, na kwa hizo sekunde ule uso hauko mbele yake, uko kichwani mwake, na kichwa cha binadamu kwa muda mfupi namna hiyo kinabeba vitu vichache tu, vingine kinajaza chenyewe kutoka kwenye ghala. Ndo maana mtu anayeanza kuchora anakuchorea jicho lenye umbo la samaki na duara katikati hata kama aliyekaa mbele yake amegeukia pembeni na jicho lake linaonekana kama pembetatu. Hakuona vibaya. Aliona sawasawa, ila ule muda wa kushusha macho jicho alilolijua toka utotoni likaja likakaa mahali pa jicho aliloliona.

Kuna zoezi walimu wa uchoraji wanalipenda, kuchora bila kuangalia karatasi kabisa, macho yamebaki kwenye kitu na mkono unatembea wenyewe. Ni njia ya kuubana mwanya mpaka ukaribie kwisha. Picha inatoka imepinda, pua iko shavuni, lakini mistari ina uhai fulani wa ajabu ambao ukichora kwa kuangalia huupati. Nililifanya sana hilo zoezi, na nadhani kila anayechora alipitie.

Lakini kuna walioenda upande wa pili kabisa, badala ya kuubana wakaupanua, na hao ndo walionifungua macho. Paris, kuanzia miaka ya 1840, alikuwepo mwalimu mmoja anaitwa Horace Lecoq de Boisbaudran, huyu alifundisha watu kuchora kwa kukumbuka, unakitazama kitu, unakisoma, kinaondolewa, ndo unachora. Rodin, yule mchongaji mkubwa, alipita mikononi mwake. Na inasimuliwa kwamba Degas aliwahi kusema angekuwa na shule yake angeijenga ghorofa, wa mwaka wa kwanza wachore chini palepale alipokaa mtu wa kuchorwa, na jinsi mwanafunzi anavyoiva ndivyo anavyopandishwa juu, wale wa mwisho kabisa wawe ghorofa ya juu, wakitaka kuangalia tena inabidi washuke ngazi zote. We fikiria hizo ngazi. Kila ngazi ni kitu kimoja kinachodondoka kutoka kwenye kumbukumbu yako, na ukifika juu umebakiwa na vile ambavyo havikudondoka.

Whistler naye, Mmarekani aliyeishi London, miaka ya 1870 alikuwa anachora mto Thames usiku. Usiku huwezi kuchora palepale, rangi huzioni. Kwaiyo alikuwa anatembea na mwenzie kandokando ya mto, akiona kitu kimemkamata anasimama anakitazama mpaka aridhike, alafu anakipa mgongo, anaanza kumsimulia mwenzie: mwanga uko pale, pale giza, mstari wa paa unashuka hivi. Mwenzie yeye anatazama kulekule anamsahihisha. Akishakuwa na uhakika anaenda kulala, kesho yake ndo anachora.

Nikalijaribu hapahapa Bagamoyo, jioni, mimi na mpwa wangu, tumesimama upande wa kuelekea Kaole ambako mikoko inaanzia. Nikatazama kama dakika kumi, nikageuka, nikaanza kusimulia. Maji yameshaenda, tope linang'aa, mashua mbili zimelala ubavu, mtu amebeba kasia begani. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, mashua ni tatu." Nikageuka kweli ni tatu. Nikarudi kumpa mgongo bahari, nikasema haya, tatu. Nikaenda kulala. Asubuhi nimekaa mbele ya kanvasi nikachora mashua mbili, na sikuwa nimesahau ile ya tatu, nilikuwa naikumbuka vizuri sana, ila usiku ule ilikuwa imejitoa yenyewe kwenye picha kwasababu ilikuwa inamziba yule mtu wa kasia, na yule mtu ndo alikuwa picha. Jioni nimesimama pale sikulijua hilo. Nililijua baada ya kulala. Mwanya ulichagua kabla mimi sijachagua.

Na hapa ndo pana utamu na pana hatari, kwasababu kinachochaguliwa kinaweza kuwa mtu. Kuna mshairi wa Uingereza, Wordsworth, aliyeandika kwamba ushairi unazaliwa na hisia zinazokumbukwa mtu akiwa ametulia, yaani kwake mwanya ndo mama wa shairi. Tarehe 15 Aprili 1802 alikuwa anatembea kando ya ziwa na dada yake Dorothy wakakuta maua ya manjano mengi mno yanacheza kwenye upepo. Dorothy aliandika kwenye shajara yake, na yake ina upepo mkali, ina mawe yenye kuvu la kijani, ina maua mengine yameegemeza vichwa kwenye mawe kama yamechoka. Kaka yake alikaa kama miaka 2 ndo akaandika shairi, likachapwa 1807, na shairi linaanza na mtu anayezurura peke yake. Peke yake! Dada aliyekuwa pembeni yake hayupo. Upepo mkali umekuwa upepo mwanana, maua yaliyochoka hayapo, yote yanacheza kwa furaha. Alafu mistari miwili ndani ya shairi hilo la mtu mpweke, mwenyewe alikiri, alipewa na mkewe.

Mimi simlaumu. Shairi ni zuri na ukweli wake ni wa kweli, ukweli wa namna furaha inavyomrudia mtu amejilaza nyumbani miaka imepita. Ila nikiambiwa nichague nani aliyaona maua, nasema Dorothy. Kaka aliona alichobakiwa nacho.

Sisi wenyewe tunao huu mfano kwenye tenzi zetu, na nashangaa hatuuzungumzii kwa upande huu. Kuna Utendi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo wa Pate, muswada wake una mwaka 1728, ni katika kazi kongwe kabisa za Kiswahili tulizonazo. Unahusu safari ya Tabuk, mwaka 630. Historia inasema jeshi la Waislamu lilifika Tabuk, halikukuta jeshi la Warumi la kupigana nalo, likarudi Madina. Kwenye utenzi kuna vita kamili, Herekali mfalme wa Warumi na majeshi yake, mashujaa wanapambana mmoja mmoja, panga zinawaka. Mwanya wa karibu miaka 1,100! Katika huo muda wote vita vingine vyote vya karne zilizofuata, masimulizi ya Kiarabu, hamu ya watu wa Mwambao kusikia ushindi, vyote vimemwagikia mle ndani vikajaa. Mtu akiniambia huo ni uongo namwambia hapana, huo ndo utenzi unavyofanya kazi, anayeusoma anasoma namna watu wa Pate walivyoubeba Uislamu moyoni, na hicho huwezi kukipata kwa aliyekuwepo Tabuk siku ile.

Weka pembeni yake utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani yetu ya bara, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa hukuhuku pwani ya Tanga, ambao jina lake lenyewe limebeba mwaka, 1307 Hijria, yaani 1889 kuingia 1890. Vita vyenyewe ni vya 1888 na 1889, vilipiganwa hapa Bagamoyo na Pangani, Abushiri aliyeviongoza alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwaiyo mshairi anaandika wino wa damu haujakauka. Na ona kitu kimoja: yeye anapoandika hajui Wadachi watakaa muda gani. Sisi tunajua, tunajua ilikuja vita ya 1914 wakang'oka. Yeye anawaona ndo wameshika nchi, hamna dirisha la kutokea. Ule uzito wa kutokujua mwisho, mtu wa leo akikaa kuandika utenzi wa vita vilevile hawezi kuupata hata awe fundi namna gani, ataandika akiwa tayari na mwisho mfukoni. Mwanya mfupi unahifadhi kutokujua. Nimelifikiria hili muda mrefu na bado naona ndo tofauti kubwa kuliko zote.

Wachoraji nao vilevile. Goya, Mhispania, alikuwa hai Wafaransa walipowapiga risasi watu wa Madrid usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1808, lakini ile picha yake maarufu ya mtu wa shati jeupe amenyoosha mikono juu mbele ya bunduki aliichora 1814. Miaka 6. Na mle ndani bunduki zote zimenyooka mstari mmoja, askari hawana nyuso, taa moja chini, kila kitu kimepangwa kama mtu aliyeisimulia hiyo habari usingizini usiku baada ya usiku mpaka ikanyooka. Picasso yeye mji wa Guernica, hukohuko Hispania, ulipopigwa mabomu 26 Aprili 1937 alikuwa Paris, alisoma kwenye magazeti, tarehe 1 Mei ameshaanza kuchora michoro ya mwanzo, na mwanzoni mwa Juni turubai la karibu mita 8 limekwisha. Na rangi zake ni nyeusi na nyeupe na kijivu, rangi za gazeti, kwasababu alichokiona yeye kwa macho yake hakikuwa moto, kilikuwa gazeti. Vipande vimeruka, farasi analia, hamna kilichonyooka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na kuna picha ambazo zikingoja zinakufa. Hii ingengoja miaka 6 isingekuwa hii.

Nilipofika hapa kwenye haya mawazo mpwa wangu akanipinga. Ni mpiga ngoma, anajifunza hapa Bagamoyo ambako toka 1981 kuna chuo cha sanaa ambacho saivi kinaitwa TaSUBa, mji wetu umejaa vijana wa namna yake, jioni ukipita mtaani unasikia ngoma huku, marimba kule. Akaniambia, "Mjomba, huo mwanya ni wa nyinyi mnaochora, sisi tunapiga papo hapo, mchezaji akikanyaga na mimi nimepiga." Nikakaa kimya siku kadhaa kwasababu ilionekana kweli ana hoja.

Alafu nikaenda kusoma, na nilichokuta kilinishangaza. Kwanza hakuna papo hapo. Mwanga ukishaingia jichoni mpaka ubongo utambue kitu, imepita kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani sote tunaishi nyuma kidogo ya dunia. Na mpaka mkono uitikie kitu usichokitegemea ni kama robo sekunde. Robo sekunde kwenye ngoma ni nyingi mno, kwenye ngoma ya kasi hilo ni pigo zima. Kwaiyo mpwa wangu angekuwa kweli anasubiri aone mguu umekanyaga ndo apige, angechelewa pigo zima kila mara, na mchezaji angemuacha. Anachofanya ni kupiga mguu ambao haujafika chini. Anabashiri. Wanasayansi wanaopima haya mambo wamekuta mtu ukimwambia agonge meza kufuata mlio unaojirudia kwa usawa, mara nyingi anagonga kabla kidogo ya mlio, sehemu ndogo tu ya sekunde, na mwenyewe anaamini amegonga pamoja nao.

Na sauti nayo ina safari yake. Inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwaiyo mita 34 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde nzima. Aliyewahi kufuata mdundiko barabarani anajua, msafara ukirefuka watu wa nyuma wanapiga makofi yao na wa mbele wana yao, kule kati kuna mawimbi, na watu wa nyuma hawajakosea, wao wako sawa na ngoma iliyowafikia. Wapigaji wazuri wanalijua hilo bila kuambiwa, wanakaa pamoja wamebanana. Vijana wanaorekodi bongo fleva nao wanalijua, sauti yako ikikurudia kwenye hedifoni imechelewa hata kidogo tu unapotea, na ikichelewa kama sehemu moja ya tano ya sekunde hata kuongea kwa kawaida unaanza kugugumia. Yaani mwanya ukikosewa unavunja ulimi.

Nikamrudia mpwa wangu nikamwambia yuko sahihi nusu. Ni kweli haangalii nyuma kama mimi, anaangalia mbele. Ila huo ubashiri anautoa wapi? Nilimkalisha anipigie, nikawa natazama macho yake, hayako miguuni kwa mchezaji kabisa, yako begani. Anasema mguu unadanganya, bega halidanganyi, bega linasema kabla. Hilo la bega hakuzaliwa nalo, amelipata kwa kutazama mabega toka akiwa mtoto anakaa nyuma ya msondo kwenye ngoma za mtaani. Kwaiyo ndani ya ile robo sekunde kuna miaka kumi na tano imekunjwa. Mwanya wake mfupi umejazwa na mwanya mrefu. Mimi kilichonichukua usiku mzima kuondoa mashua moja, yeye kimeshafanyika zamani, kimeshuka mkononi.

Vifaa navyo vina mwanya wake, hili nalipitia haraka ingawa mafundi wangependa nikae. Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya kung'aa ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo haikauki haraka, kwaiyo unapaka nyuma kwanza, unasubiri, ndo unaweka chui juu yake, unasubiri tena, ndo madoa. Ile picha safi isiyo na vivuli, mnyama amekaa mbele ya rangi moja, sehemu yake imetokana na kusubiri rangi ikauke. Wazee waliojenga misikiti na makaburi ya zamani ya huku Mwambao wao walikuwa na haraka ya lazima: yale matumbawe laini ya kuchongea nakshi yanatolewa baharini yakiwa mabichi, unayachonga bado mororo, yakikaa hewani yanakuwa magumu. Mchongaji hakuwa na nafasi ya kulala na wazo mbele ya jiwe, ilibidi awe ameshalala nalo kabla jiwe halijatoka majini. Kila ninapoenda magofu ya Kaole nawafikiria hao watu wakingojea maji kupwa.

Watu huwa wananiambia kamera ilimaliza hii habari yote, unabonyeza, umepata. Kamera ya kwanza haikuwa hivyo. Picha kongwe kabisa tuliyonayo iliyopigwa kwa kamera, ya Niépce wa Ufaransa, 1826 au 1827, ilichukua saa nyingi kuingia kwenye bati, na ukiitazama majengo yanawaka jua pande zote mbili, la asubuhi na la jioni, kwasababu jua lilitembea wakati picha bado inajichora. Siku nzima iko mle, na hakuna jicho lililowahi kuiona siku namna hiyo. Na baadaye kamera zilipokuwa na kasi kuna mtu akaamua kuurudisha mwanya mwenyewe. Garry Winogrand, mpiga picha za mitaani wa Marekani, alikuwa anapiga filamu alafu anaziweka, anakaa mwaka au zaidi ndo anazisafisha, ili awe ameshasahau alijisikiaje alipobonyeza. Alijua kwamba mtu akipiga picha siku ya furaha, ataipenda picha kwa sababu ya siku ile. Alipofariki 1984 aliacha roli kama 2,500 hazijasafishwa. Huwa nazifikiria kama mwanya ambao haukupata mkono wa upande wa pili.

Simu kwa maoni yangu hazijauondoa mwanya, zimeuhamisha. Nakaa pale ufukweni naona wageni na wenyeji wananyanyua simu jua likichomoza, sekunde tatu, wameshaposti, wamegeuka. Kuona kwenyewe kumeahirishwa, wataona baadaye, na baadaye hiyo ina picha elfu nne nyingine mbele yake. Nilipoacha kupiga picha za marejeo pale pwani michoro yangu ilibadilika ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa nikiwa na picha ya simu pembeni nachora mashua zote tatu, kila mara, kwasababu simu haiachi kitu.

Lakini nisidanganye kwamba kumbukumbu ni amana. Mwingereza Bartlett, kwenye kitabu chake cha 1932, alieleza alivyowapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome alafu waisimulie tena baada ya muda, baada ya siku, baada ya miezi. Hadithi ikawa inafupika, na vile vitu vigeni vikawa vinageuka vya kwao, mtumbwi ukawa boti, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hawakuwa wanadanganya. Kila mmoja alikuwa anaijenga upya kwa mbao alizonazo nyumbani kwake.

Hilo nimeliona kwangu. Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka. Ukili, kutwa nzima, amekaa kibarazani, miyaa ikishachemshwa kwenye rangi inaanikwa kivulini, yeye anasuka ileile iliyokauka, ule utepe unashuka mapajani unajikunja chini kama kitu chenye uhai. Alipofariki nilimchora baada ya arobaini tu. Picha ile ina kila kitu, mikunjo ya shingo, khanga aliyovaa siku nyingi ikapauka, nondo za dirisha, mwanya wake anacheka. Mama aliipokea akaitundika sebuleni, kila anayekuja anasema ni yeye huyo.

Ya pili nimeichora mwaka huu, miaka tisa baadaye. Sikuipanga. Nilikaa na kanvasi tupu nikifikiria jambo lingine, ikaja mikono miwili tu, uso hamna, baraza hamna, na ukili unatoka vidoleni unashuka mpaka unavuka ukingo wa picha. Rangi ya nyuma ni ile ya maziwa na chai, ile ya bahari niliyoihangaikia miaka yote, na mi sijui ilifikaje kibarazani kwa bibi, kwasababu kibaraza kile kilikuwa kinatazama magharibi.

Nilimwita mama aje aione bado iko kwenye stendi. Alikaa mbele yake muda mrefu hasemi kitu. Alafu akanyoosha kidole karibu na kidole gumba cha mkono wa kushoto, akasema, "Hapa umekosea. Mama alikuwa anabana kwa huku, sio huku. Yule alikuwa anatumia shoto." Miaka yote hiyo, na kwenye picha ya kwanza nilikuwa nimeipata sawa. Nikachukua kitambaa na brashi nirekebishe palepale, mama akanishika mkono.

"Acha kwanza ikauke," akasema.